Baga ya Ojera

Okwera hakuwa mtu wa jikoni. Alilelewa na dada yake kwenye nyumba za polisi, akapikiwa na dada yake, kisha akaingia jeshini akapikiwa na serikali. Hata yai la kuchemsha lilimshinda. Alilisahau motoni mpaka maji yakauke na lenyewe lipasuke. Kwa hiyo Jumamosi ile alipotokea kwenye mlango wa jiko, kifua wazi na mbavu zote nje, akasema kwa upole, "Nyabo, hiyo nyama usiweke chumvi sasa, itakazana kama soseji," Amito alishusha mkono wenye chumvi akamgeukia.

Ujuzi ule ulimshangaza, lakini lililomtisha ni lile neno. Hapa Kampala nyabo ni kila mwanamke: muuza nyanya, abiria, mke wa jirani. Mdogo wake hakuwahi kumwita hivyo. Tangu alipoota meno Okwera alimwita dada, hata akiwa amemkasirikia, hata siku aliyomvunjia redio.

"Umesemaje?"

"Nyama unasaga mara moja tu, na usikande. Ukikanda kama chapati, umeiua." Akatabasamu kidogo, akarudi sebuleni kwenye kochi. Alitembea ameegemea ukuta.

Amito alikuwa askari wa trafiki, mwanamke wa kusimamisha lori la mchanga kwa kiganja kimoja, dereva akaomba radhi kabla hajaulizwa kosa. Hakuwa mtu wa kutishwatishwa. Lakini hapo alizima gesi, akakaa juu ya ndoo ya unga.

Okwera alikuwa amerudi kutoka Somalia kabla ya Pasaka, akaja kupumzika kwa dada yake Bugolobi, ghorofa ya pili, mahali ambapo upepo ukitoka viwandani unaleta harufu ya kahawa. Alirudi bila hata mkwaruzo, wakamshukuru Mungu kwa sala za aina zote mbili, maana marehemu baba yao Zubairi alikuwa Mwislamu na marehemu mama yao alikuwa mtu wa misa. Kisha akaanza kuisha. Wala si kwamba alikataa chakula. Alikula! Alikula kalo, ule ugali wa ulezi, na maharage, ndizi, samaki, akafuta sahani, na kesho yake suruali imelegea zaidi. Hospitali walimpima damu, kifua na kila kinachopimika, wakasema hana ugonjwa, wakampa vidonge vya vitamini. Amito aliwahi kuona watu wakifa, na hakuhitaji daktari kumwambia kwamba kwa mwendo ule mdogo wake hatafika Krismasi.

Na kitu alichoomba Okwera kila siku ni kimoja tu: baga. Si baga yoyote, baga ya Mtaliano. Amito alimnunulia kwenye mikahawa ya mjini yenye majina ya kuvunja ulimi. Kila mara Okwera aling'ata mara moja, akaiweka chini, akalia machozi kama mtoto. "Siyo," alisema. "Inaunguza." Inaunguzaje baga iliyokwisha kupoa, Amito hakuelewa. Ndipo akaamua kuipika mwenyewe, kwa kuwa mkono wa nyumbani una dawa yake.

Basi aliinuka kwenye ndoo, akawasha gesi tena, akamaliza alichoanza. Alikaanga nyama, akairushia chumvi mwishoni, akaiwekea nyanya zilizopikwa na kitunguu saumu, na jibini ngumu ya Kitaliano aliyoipata kwenye duka kubwa, ile ya kukwangua. Bekoni hakuweka, nguruwe hakuingia katika nyumba ile, kwa heshima ya mzee Zubairi. Akampelekea mgonjwa wake. Okwera akanyoosha mkono wa kushoto, yeye ambaye maisha yake yote alikula na kuandika kwa wa kulia, akaishika baga, akang'ata. Papo hapo midomo ikavimba, ikawa myekundu. Akaitema.

"Pole, nyabo," alisema yule aliyekuwa kwenye kochi. "Umejitahidi."

Amito aliingia chooni na simu, akafunga mlango, akampigia Shangazi Lakica kule Gulu. Dada wa baba yao huyu alikuwa akiuza simsim sokoni, na kwenye simu aliongea kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alimsikiliza Amito mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Anakula na mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na wewe anakuita nani?"

"Nyabo."

Shangazi akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Amito hakujua kwamba anayo: "Na unampikia na chumvi."

"Shangazi, nani anapika bila chumvi?"

"Anayempikia mfu. Huyo si Okwera peke yake, mwanangu. Kuna mtu amerudi naye, anakula kwa mdomo wake. Wafu hawali chumvi, hata mama yako na rozari yake alijua hilo. Kila ukimpa chumvi unamwunguza, njaa inamzidi, na njaa ikimzidi anamla mdogo wako. Muulize Okwera ni nani huyo. Halafu mpe kile anachotaka, bila chembe ya chumvi. Akishiba, ataenda."

"Sawa."

"Bado sijamaliza. Wewe usile naye. Mtu akila sahani moja na mfu, amemkaribisha kwake. Umesikia? Sema."

"Sitakula naye," Amito akasema, akakata simu, akanawa uso mara mbili.

Okwera alikuwa na saa zake nzuri, hasa asubuhi baada ya kuoga, ambapo macho yake yalikuwa macho yake. Kesho yake, Jumapili, Amito alimsubiri hapo. Alimpa chai, akamuuliza moja kwa moja, kama anavyouliza leseni.

"Nani alikufa huko?"

Okwera aliacha kunywa. "Dada, umejuaje?"

"Niambie."

"Ojera," Okwera alisema. "Kijana wa Kitgum. Mimi na yeye tulikuwa tunalala hema moja. Kulikuwa na mkufunzi Mtaliano, mzee wa tumbo kubwa, kila Jumapili anapikia sisi baga ya kwao. Ojera alikuwa anakaa naye jikoni tu. Alijifunza yote. Alisema akirudi Kampala anafungua kibanda Nakivubo, baga ya Mtaliano iliyopikwa na Mwacholi, watu watapanga laini." Akacheka kidogo. "Siku hiyo tulikuwa kwenye laini, sahani mkononi. Mlinzi wa getini akaugua, wakamwita Ojera ashike zamu. Akaniambia, nitunzie yangu, nikirudi tutakula pamoja. Mimi nikasema, kale, sawa, tutakula pamoja. Kombora likaangukia geti."

"Na baga?"

"Nilifunga zote mbili, yake na yangu, nikaweka chini ya kitanda. Sikuweza kula, dada. Sikuweza kutupa. Zilioza pale mpaka wenzangu wakatupa." Akaweka kikombe chini. "Hata zilipoanza kunuka nilikuwa naona vizuri zikae tu."

Amito alimshika kichwa akakiweka begani. Kilikuwa chepesi. Huyu ndiye mtoto ambaye Amito alimbeba mgongoni wakati mama yao anaumwa, akamfundisha kuvuka barabara, akawakatalia wachumba wake wote wasije wakawa shemeji wa kumtuma tumbaku. Hakuwa tayari kumpa mtu yeyote, awe hai, awe mfu.

Ikawa ni kupika. Hapo ndipo Amito alipogundua kwamba chumvi imejificha kila mahali, kama ndugu siku ya harusi. Iko ndani ya mkate wa dukani. Iko ndani ya jibini zote. Iko ndani ya siagi, ndani ya sosi, ndani ya zeituni za kopo. Baga ya kununua haikuwezekana kabisa. Ilibidi kila kitu kianzie kwenye mikono yake.

Alikanda unga kwa maziwa, hamira na mafuta ya zeituni, akafinyanga mikate miwili ya duara, akaioka kwenye sufuria juu ya sigiri pale kibarazani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama watu wanavyooka keki wasipokuwa na jiko la umeme. Alichemsha maziwa, akayakata kwa ndimu, akayachuja kwenye kitambaa cheupe na kukitundika kwenye bomba. Likatoka donge la jibini laini, jeupe, lisilo na chumvi hata ya dawa. Nyanya alizipasua akaziacha kwenye moto mdogo na kitunguu saumu mpaka zikakunjamana na kutoa utamu wake. Vitunguu alivilainisha kwa siki nyeusi. Ulibaki mrihani, akaununua kwa Mhindi mmoja Old Kampala, majani mapana yenye harufu ya karafuu. Nyama ilikuwa ya kidari na mafuta yake, mchinjaji aliisaga mara moja tu.

Majirani walikuwa kanisani. Jua lilikuwa kali. Kaloli mmoja, wale ndege wa Kampala wenye vipara wanaokula jalala, alitua kwenye ukingo wa kibaraza karibu na sigiri. Amito alimfukuza kwa mwiko. Ndege yule hakuondoka. Alikuwa akimwangalia mtu nyuma ya Amito.

"Usimfukuze," sauti ilisema. "Huyo hasumbui."

Okwera alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa Okwera. Mwili ni ule ule, lakini kidevu kilikuwa juu, macho yamechangamka, na uzito wote umeegemezwa kwenye mguu mmoja kwa mtindo wa watu wenye maneno mengi. Amito alitamani kukimbia, asingeona aibu hata kidogo. Lakini angekimbilia wapi, na kumwachia nani yule kijana?

"Karibu, Ojera," alisema.

Yule akacheka kwa furaha, kama mtu aliyetajwa jina baada ya muda mrefu. "Asante, nyabo. Kumbe unanijua!" Akavuta kiti akakaa jikoni. Harufu ya kahawa ikakatika. Harufu ya nyanya pia, na ya vitunguu, Amito akawa anapika kama mtu mwenye mafua.

"Sasa nyama," alisema Ojera. "Gawa mbili. Bonyeza katikati na kidole gumba, weka kashimo, vinginevyo itavimba kama mpira. Kikaango kiwe moto sana. Mzee alikuwa anasema, kama wewe huogopi hicho kikaango, bado hakijapata moto."

Amito alitengeneza vibonge viwili. Kimoja alikuwa amekikusudia Okwera, akirudi, na hicho kingetiwa chumvi baadaye. Akakiweka cha kwanza kwenye kikaango.

Nyama haikulia. Mafuta yaliruka, moshi ulipanda, kingo zikaanza kuwa kahawia, na hakuna sauti hata moja iliyotoka. Amito aliinamisha sikio. Kikaango kilichemka mbele yake kimya kabisa. Akaweka cha pili, kile cha Okwera, na hicho kikalia chwaaa kama nyama yoyote ya Mungu. Vibonge viwili, moto mmoja, kimoja kinalia na kingine kimenyamaza.

"Usigeuzegeuze," alisema Ojera. "Mara moja tu inatosha."

Alichoma mikate upande wa ndani. Akapanga: mkate, mrihani, nyama, jibini likaanza kulainika pembezoni, nyanya, vitunguu, mkate. Ile ya pili aliirushia chumvi na kuifunika kwenye sufuria. Ya kwanza akaiweka mezani sebuleni mbele ya mgeni wake. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaegemea ukuta, akasubiri ale, ashibe, aende.

Ojera aliitazama baga. Alitazama jinsi maji ya nyanya yalivyoingia kwenye mkate. Machozi yakamtiririka kwenye mashavu ya Okwera yaliyobonyea.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo hii yenyewe."

"Basi kula."

Hakuinua mkono. Alikaa hivyo mpaka mvuke ukaisha juu ya sahani. Kaloli kule nje aligonganisha mdomo wake mara moja, akatulia.

"Kula, Ojera. Haina chumvi. Nimehakikisha."

"Najua, nyabo. Nakushukuru sana." Aliongea kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomtia Amito baridi. "Lakini mimi sikuambiwa nitakula. Niliambiwa tutakula pamoja. Askari hali peke yake. Ukiona askari anakula peke yake, ujue wenzake wote wamekufa."

"Unakula na Okwera kila siku! Umemmaliza!"

"Mdomo ni mmoja. Mimi nikiingia, yeye hayupo. Yeye akiwepo, mimi nasimama nje. Kila siku nakaa mezani namtafuta, simwoni." Aliinua macho. "Unafikiri mimi napenda kumla? Huyu ni ndugu yangu. Lakini njaa hii haisikii, nyabo. Hakuna mtu wa kuniambia karibu tule. Nitaendelea tu, mpaka tukutane naye huko, tule pamoja."

Basi neno lilikuwa hilo. Okwera alilitamka asubuhi ile ile juu ya chai, tutakula pamoja, na Amito akalipita mbio akikimbilia chumvi. Alimkumbuka shangazi yake na ile sauti ya chini. Alitazama vidole vilivyoshika ukingo wa meza, vidole vya Okwera, ngozi na mifupa, kucha zimeanza kuwa za buluu.

"Mtu mwingine akila na wewe," alisema pole pole, "utamwacha Okwera?"

"Nitamwacha."

"Kabisa?"

"Mimi ni askari. Nikisema nimeondoka kituo, nimeondoka."

"Na utaenda wapi?"

Ojera alitazama chini, kama mgeni anayeona haya kuuliza atalala chumba gani.

Amito aliogopa. Tusimpambe, aliogopa hasa. Hakuwa amekula chumvi nyingi bado, alikuwa na maisha mbele yake, alikuwa na afisa mmoja wa Kireka aliyekuwa akimpigia simu kila jioni na ambaye Amito alikuwa ameanza kumjibu vizuri. Aliyafikiria hayo yote akiwa wima. Kisha akavuta kiti, akakaa. Akachukua kisu, akaikata baga katikati, maji ya nyanya yakachuruzika, akasukuma nusu moja upande wa pili.

"Karibu tule, Ojera."

Uso wa mdogo wake uling'aa. Mkono wa kushoto ukaja juu, na wote wawili wakang'ata kwa pamoja.

Amito alijiandaa kwa ladha ya udongo. Alijiandaa kwa kitu kibichi, kilichopooza, kama uji wa wagonjwa. Nyama isiyo na chumvi, mkate usio na chumvi, nani hajui vilivyo? Lakini ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu, jamani, mpaka akafumba macho. Nyama ilikuwa imekolea, nyanya zimekolea, mkate umekolea mpaka ukoko, hakuna kilichopungua. Alikula nusu yake karibu yote kwa pupa, mafuta yakimtoka kwenye vidole, na alipofumbua macho, upande wa pili sahani ilikuwa tupu na kichwa kimeanguka juu ya meza.

"Okwera!" Alimrukia, akamtikisa. "Okwera! Okwera!"

Okwera alikohoa. Akainua uso wenye alama ya ukingo wa sahani, akaangaza huku na huku kama mtu aliyelala basini akapitilizwa kituo. Nje ukingo wa kibaraza ulikuwa mtupu, na jirani aliyerudi kanisani alikuwa akigombana na funguo zake.

"Dada," alisema. "Mimi nasikia njaa. Yaani njaa!"

Amito alimkumbatia, akalia kwa sauti, hakujali jirani. Damu ilikuwa imerudi kwenye zile kucha. Alipokuwa bado akifuta machozi, Okwera, kwa mkono wake wa kulia, alichukua kipande kilichobaki kwenye sahani ya dada yake akakitupia mdomoni kabla hajazuiwa. Akatafuna. Akakunja uso, akakitema kwenye kiganja.

"Bambi, dada! Hii umesahau chumvi kabisa. Mtu anakulaje hii?"

Amito alikwenda jikoni akaleta ile baga nyingine, akamwekea mbele. Okwera aliishambulia kwa mikono miwili, anaguna, anacheka, nyanya imempaka mpaka kidevuni, na katikati ya kutafuna akakumbuka malezi. Akamega kipande kikubwa chenye nyama, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Hii sasa ndiyo imekolea. Kula na mimi, dada."

Amito alirudisha kiti chake nyuma kidogo, mkono ule na chumvi yake usimfikie.

"Kula tu wewe," alisema. "Mimi nimeshiba."